Habari za Maisha ya Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh

Ni desturi ya gazeti hili kuwaletea habari za watumishi waliotutangulia, ili tujifunze kwa mwenendo wao. Mwezi huu tumemchagua mtu ambaye jina lake ni gumu kulitamka, na ambaye hakukanyaga nchi yetu hata siku moja. Lakini kazi yake ilifika mpaka milima ya Usambara, na matunda yake yapo hata leo.

Tumemchagua kwa sababu ya jambo linalotusumbua sisi tulio huku Lumuma na katika wilaya yote ya Kilosa. Wako vijana katika vijiji vyetu ambao miili yao ni mizima lakini akili zao zimeumia. Mmoja huanguka kifafa. Mwingine amekaa kimya miezi mingi, hataki kula wala kwenda shambani. Mwingine husikia sauti ambazo sisi hatuzisikii. Nyumba yenye kijana wa namna hiyo hufunga mlango. Majirani husema amerogwa, au amepagawa, au anaadhibiwa kwa dhambi za wazazi. Nasi Wakristo twaona haya kama wengine, hata jina lake halitajwi katika maombi ya usharika, ingawa jina la mwenye homa au aliyevunjika mguu hutajwa kila Jumapili. Basi na tusikie habari za mtu aliyeufungua mlango huo.

Ujana wake

Friedrich von Bodelschwingh alizaliwa tarehe 6 Machi mwaka wa 1831 huko Tecklenburg katika Westfalia, upande wa kaskazini-magharibi wa Ujerumani, nchi ambayo wazee wetu waliiita Udachi. Jamaa zake walikuwa watu wa cheo. Baba yake, Ernst, alikuwa waziri wa mfalme wa Prussia, kwanza wa fedha, kisha wa mambo ya ndani, hata alipoiacha kazi hiyo wakati wa machafuko ya mwaka wa 1848. Kwa hiyo mtoto huyu alikaa Berlin karibu na jumba la mfalme, akacheza na mtoto wa kifalme ambaye baadaye alikuwa Kaisari Friedrich wa Tatu.

Walakini njia ya ujana wake haikunyoka. Alipomaliza shule alijaribu kazi ya migodi. Kisha akajifunza kilimo, akawekwa kuwa msimamizi katika shamba kubwa la Gramenz huko Pomerania. Huko aliwaona vibarua na umaskini wao, akawa na desturi ya kuwagawia watoto wao vijitabu vya dini. Hata mwaka wa 1854 akakisoma mwenyewe kimojawapo, nacho kilikuwa habari za kijana wa Kichina. Maneno yale yakamshika, asipate kuyasahau, akaazimu kuwa mmisionari. Akaacha shamba, akaenda Basel kusoma elimu ya dini, na baada ya Basel akasoma Erlangen na Berlin.

Wazazi wayaangalie haya. Kijana huyu alikuwa amefikia miaka 23, mwana wa waziri, amejaribu kazi moja na nyingine, na bado hajaijua njia yake. Hakuwa mvivu wala mpotevu, alikuwa anatafuta. Sisi nasi twawaona vijana waliomaliza shule wakirudi nyumbani bila kazi, nasi huwa wepesi kuwaita walioshindwa kabla hawajapata miaka ya kutafuta. Neno hilo, likisemwa kila siku na baba au mjomba, humwingia kijana kama mwiba, na wako wanaougua kwa ajili yake.

Paris, na ugonjwa nyumbani mwake

Alipomaliza masomo hakupelekwa China wala India. Mwaka wa 1858 alikwenda Paris, mji mkuu wa Ufaransa, kuwahudumia Wajerumani maskini waliokwenda huko kutafuta riziki. Wengi wao walikuwa wafagiaji wa njia za mji. Watu hao walikuwa ugenini, lugha ya nchi hawaijui, na watoto wao walizurura bila shule. Akaanza kwa kuwakusanya watoto, akawafundisha, na baadaye ikajengwa shule na kanisa dogo kilimani katika mtaa wa La Villette.

Mwaka wa 1861 alimwoa Ida, binti wa jamaa yake mwenyewe. Ida alikuwa mke mcha Mungu na mwenye bidii, lakini huko Paris alishikwa na ugonjwa wa huzuni nzito, huzuni ile isiyoondoka mtu anapofarijiwa, imwondoleayo usingizi na nguvu na furaha ya watoto wake. Basi mwaka wa 1864 mume wake akaiacha kazi aliyoipenda, akarudi Ujerumani kwa ajili ya mkewe, akawa mchungaji wa usharika wa Dellwig katika Westfalia.

Hapa tunawaomba wainjilisti na wazee wa kanisa wasimame kidogo wafikiri. Aliyeugua huzuni hiyo ni mke wa mchungaji, aliyeomba na kusoma Neno kila siku. Hakuugua kwa sababu imani yake ilikuwa haba, kama vile mtu asivyopata homa ya malaria kwa sababu ya imani haba. Na mume wake hakumkemea, wala hakumficha, wala hakumrudisha kwa wazazi wake. Alibadili mahali pa kazi yake ili mkewe apate kupumzika. Tangu siku hizo ugonjwa wa moyo na akili haukuwa kwake habari ya watu wengine. Ulikuwa umekaa mezani pake.

Msiba wa mwaka 1869

Katika Dellwig Mungu aliwajalia watoto, hata wakawa wanne, na nyumba ikachangamka tena. Ndipo katika mwezi wa Januari mwaka wa 1869 kifaduro kikaingia katika nyumba hiyo. Kabla ya majuma mawili kupita, watoto wote wanne walikuwa wamekufa. Wazazi waliobaki na vitanda vitupu tunao hata sisi katika sharika zetu, nao wanajua kwamba msiba wa namna hii hauna maneno.

Bodelschwingh aliandika kitabu kidogo cha maisha na vifo vya watoto wake, na baadaye alishuhudia kwamba msiba ule ulimfundisha huruma kwa watu ambayo hakuwa nayo kwanza. Mungu aliwapa watoto wengine wanne baada ya hao. Lakini wa kwanza hakuwasahau, wala hakumwambia mkewe awasahau. Twayasema haya kwa sababu mara nyingi matangani twawahimiza vijana waliofiwa kunyamaza na kujikaza, hasa wavulana, tukidhani ndiyo nguvu. Machozi yaliyozuiwa hayapotei. Hukaa ndani, na baada ya miaka hutoka kwa njia nyingine.

Bethel

Karibu na mji wa Bielefeld, mwaka wa 1867, Wakristo wa nchi ile walikuwa wamefungua nyumba ndogo ya kuwapokea wagonjwa wa kifafa. Siku zile wenye kifafa walifukuzwa shuleni, hawakuajiriwa, na wengine walifungiwa pamoja na wahalifu. Mwaka wa 1872 Bodelschwingh aliitwa kuwa mkuu wa kazi hiyo na ya nyumba ya madiakonisa iliyokuwa jirani, iitwayo Sarepta. Mahali pale pakapewa jina la Bethel, yaani nyumba ya Mungu, kwa kumkumbuka Yakobo aliyelala juu ya jiwe akiwa mkimbizi, akaamka akijua ya kuwa Mungu yupo hata hapo.

Alipofika wagonjwa walikuwa wachache. Alipofariki, miaka 38 baadaye, palikuwa na mji mzima wa maelfu ya watu. Lakini ukubwa wa mji si neno kuu. Neno kuu ni taratibu aliyoiweka, nayo tutaieleza vizuri, maana humo ndimo lilimo fundisho letu.

Kwanza, hakutaka wagonjwa walundikwe katika jengo moja kubwa kama gereza. Alijenga nyumba nyingi, na kila nyumba ilikuwa kama jamaa, yenye baba wa nyumba na mama wa nyumba, wakila na wagonjwa na kusali nao. Ili apate watu wa kazi hii, mwaka wa 1877 alianzisha nyumba ya ndugu iitwayo Nazareth, ambamo vijana wa kiume walifundishwa kuuguza, kama wasichana walivyofundishwa Sarepta.

Pili, kila mgonjwa alipewa kazi kwa kadiri ya nguvu zake. Wengine walilima bustani, wengine walifyatua matofali, wengine walikuwa maseremala, washonaji au wafunga vitabu. Karibu na mwaka wa 1890 alianzisha pia kazi ya kukusanya vitu vilivyotupwa na watu, viatu vilivyochakaa, nguo kuukuu, viti vilivyovunjika. Wagonjwa wakavitengeneza, vikatumika tena. Wazo hilo alilitoa katika habari ya Bwana Yesu alipowalisha watu elfu tano, akaagiza vipande vilivyosalia vikusanywe, visipotee. Ni nani asiyeona maana yake? Watu walioonekana kuwa masalio ya dunia walikuwa wakiokota masalio na kuyafanya kuwa kitu cha thamani. Mtu aliyeambiwa tangu utoto kwamba hafai kitu, akiona kiti alichokitengeneza kwa mikono yake kinakaliwa, hupata dawa ambayo haiuzwi dukani.

Tatu, hakudharau dawa. Siku zile dawa ya maana kwa kifafa ilikuwa bromidi, nayo ilitumika Bethel. Mtu huyu aliyeomba asubuhi na jioni hakuona kwamba dawa ni kumkana Mungu.

Nne, kanisa lilikuwa la wote. Mwaka wa 1884 likajengwa kanisa la Sayuni katikati ya msitu wa Bethel. Mtu akianguka kifafa wakati wa ibada, walio karibu walimwinua na kumsaidia, na ibada ikaendelea. Hakuna aliyekimbia, wala aliyecheka.

Vijana wa barabarani

Katika miaka ile viwanda vya Ujerumani vilikuwa na shida, na watu wengi, hasa vijana wa kiume, walitembea barabarani toka mji hata mji wakitafuta kazi na kuombaomba. Polisi waliwakamata, wakawafunga, wakawatoa, wakawakamata tena. Wengi walivunjika moyo wakaingia ulevini. Mwaka wa 1882 Bodelschwingh alifungua Wilhelmsdorf, kijiji cha kazi katika nchi ya mchanga iitwayo Senne. Kila aliyebisha hodi alipewa chakula na malazi, akafanya kazi kwa hivyo alivyopewa, hata akapata nguo na nguvu ya kwenda kutafuta kazi ya kudumu. Aliona kwamba sadaka itolewayo mlangoni humshibisha mtu siku moja, lakini humwachia aibu yake, na kazi humrudishia uso wake.

Mwaka wa 1903, mzee wa miaka 72, alichaguliwa kuwa mjumbe wa baraza la kutunga sheria la Prussia, ili apate kuwasemea watu hao. Na mwaka wa 1907 ikatoka sheria ya kuwawekea vituo vya kazi. Mwaka wa 1905 alikuwa ameanzisha makao ya Hoffnungstal karibu na Berlin kwa watu wasio na nyumba. Katika mji walilazwa wengi pamoja katika vyumba vikubwa, lakini huko alitaka kila mmoja awe na chumba chake, hata kikiwa kidogo sana, ili aweze kufunga mlango na kusali au kulia peke yake bila kuonwa. Mtu aliyefikiri jambo hilo aliijua mioyo ya wanadamu.

Kazi yake yafika nchini mwetu

Mwaka wa 1886 chama cha misioni kwa ajili ya Afrika Mashariki kiliundwa huko Berlin. Na tuseme kweli: baadhi ya waanzilishi wake waliitazama misioni kama msaada wa utawala wa kikoloni uliokuwa unaanza. Tangu mwaka wa 1890 Bodelschwingh alikuwa mmoja wa viongozi wake, akawatoa ndugu wa Nazareth na madiakonisa wa Sarepta kuja huku. Mwaka wa 1891 wamisionari Johanssen na Wohlrab walianza kazi Mlalo katika Usambara, na vituo vingine vikafuata, kama Vuga na Bumbuli. Mwaka wa 1906 makao ya chama hicho yakahamia Bethel, na baadaye watu wakakiita Misioni ya Bethel.

Wasomaji wa Kilosa hawana haja ya kuambiwa biashara ya watumwa ilikuwa nini. Njia za misafara kutoka bara kwenda Bagamoyo zilipita katika nchi hii ya Usagara, na bonde letu la Lumuma lilikuwa mahali pa kupumzika kwa misafara. Burton na Speke walipita hapa mwaka wa 1857, wakaliandika jina lake Rumuma. Watoto wengi walipitishwa katika njia hizo wasiwaone wazazi wao tena. Baadhi ya watoto waliookolewa mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa walitafutiwa makao, na mwaka wa 1896 yakafunguliwa makao ya watoto hao huko Lutindi, katika milima ya Usambara juu ya Korogwe, na ndugu kutoka Bethel wakawa walezi wao.

Biashara ile ilipozidi kufa, watoto wa kupokelewa wakapungua. Ndipo, mwaka wa 1904, nyumba ya Lutindi ikawa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili, ya kwanza ya namna hiyo katika nchi yetu. Kabla ya hapo mgonjwa aliyeshindikana nyumbani alifungwa kamba au minyororo, au alitiwa gerezani, au aliachwa porini. Lutindi ilifuata taratibu ya Bethel: makao ya jamaa, kazi ya shamba na bustani, chakula cha pamoja, sala. Basi mahali palipoanzishwa kwa ajili ya watoto waliofunguliwa minyororo ya watumwa, pakawa pa kuwafungulia wengine minyororo waliyofungwa na jamaa zao wenyewe. Hospitali ya Lutindi ipo hata leo chini ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa letu, ikiwatibu wagonjwa wa akili na wa kifafa.

Mwisho wake, na mambo yaliyofuata

Ida alifariki mwaka wa 1894. Mumewe aliendelea na kazi miaka mingine kumi na mitano na zaidi, na mwaka wa 1905 akaanzisha Bethel chuo cha kuwafundisha wachungaji, ili wajifunze elimu ya dini mahali wanapowaona wagonjwa kila siku. Akafariki Bethel tarehe 2 Aprili mwaka wa 1910, mwenye miaka 79. Watu walikuwa wamezoea kumwita Baba. Mwana wake aliyeitwa Friedrich kama yeye akashika kazi mahali pake.

Yafaa msomaji ajue pia mambo mazito yaliyofuata. Serikali ya Hitler ilipotawala Ujerumani, ilitoa sheria ya kuwaondolea uzazi wagonjwa wa namna hii, na sheria hiyo ilitekelezwa hata Bethel, jambo la kuhuzunisha. Kisha ikaanza kuwaua kwa siri wagonjwa wa akili. Mwaka wa 1940 Friedrich mwana na Mchungaji Paul Gerhard Braune, mkuu wa makao ya Hoffnungstal, waliupinga uuaji huo, na Braune akatiwa gerezani. Wagonjwa wengi wa Bethel wakaokoka. Lakini wale wenye asili ya Kiyahudi walichukuliwa mwaka huohuo wakauawa. Tunaandika haya ili tuone mwisho wa njia ya kumhesabu mgonjwa kuwa mzigo. Njia hiyo huanza kwa neno dogo, pale jamaa wanapouliza kijana huyu ana faida gani.

Yatupasayo sisi

Sasa tumeyasikia. Je, tufanye nini Lumuma, ambako hakuna Bethel?

Jambo la kwanza ni kuutambua ugonjwa mapema. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba nusu ya magonjwa ya akili huanza kabla ya mtu kupita miaka 14. Basi mwalimu wa kipaimara humwona mgonjwa kabla daktari hajamwona. Mtoto aliyekuwa mchangamfu akijitenga na wenzake, akikosa usingizi, akiacha kula, akishindwa masomo ghafla, akianza kunywa pombe, au akisema maneno ya kukata tamaa, asichekwe wala asipigwe. Aketishwe, aulizwe kwa upole, na ambaye ameuliza anyamaze apate kusikia. Wengi wetu twajua kuhubiri kuliko kusikiliza.

La pili, tuyajue magonjwa kwa jina lake. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Hakiambukizi kwa mate wala kwa kumgusa mgonjwa. Kwa hofu hiyo ya kuambukizwa vijana wameachwa motoni na majini wakiwa wameanguka, na watu wamesimama wakitazama. Mtu akianguka, aondolewe penye hatari, alazwe kwa ubavu, asitiwe kitu kinywani, akae na mtu mpaka azinduke. Na mtukutiko ukizidi dakika tano, apelekwe kwa mganga wa hospitali upesi. Dawa zake zipo, kama fenobabitoni, nazo ni za bei ndogo, lakini sharti zinywewe kila siku bila kukatiza. Katika mkoa wetu huu wa Morogoro, huko Mahenge, daktari Louise Jilek-Aall wa Norwe alianza karibu na mwaka wa 1960 kuwatibu wenye kifafa waliokuwa wametengwa na watu, na wengi wakarudi kukaa na jamaa zao.

La tatu, sala na matibabu yaende pamoja. Tusimwambie mzazi achague kati ya kanisa na hospitali. Mgonjwa aanzie zahanati, kisha hospitali ya wilaya Kilosa. Na magonjwa makubwa yana hospitali yake ya Mirembe huko Dodoma, iliyoanza mwaka wa 1927. Usharika uweza kuchanga nauli, maana mara nyingi kinachomzuia mgonjwa ni nauli. Na aliye katika minyororo asikae humo hata juma moja zaidi bila mzee wa kanisa kufika kwake.

La nne linawahusu sana vijana wa mashamba yetu ya vitunguu. Kijana hukopa mbegu na mbolea, hunywesha shamba miezi kadha, na siku ya kuvuna bei imeanguka. Deni lipo, mchumba anangoja, baba ananung'unika. Hapo ndipo wengine wameona ni heri kufa. Kijana anayesema habari za kufa asiachwe peke yake, wala tusidhani anatisha tu. Asemaye hivyo anaomba msaada. Na amwulizwe waziwazi kama anafikiri kujiua. Kumwuliza hakumpandii wazo hilo, bali humfungulia kinywa. Dawa za kuulia wadudu zisiwekwe chini ya kitanda. Ziwekwe mahali pamoja penye kufuli, na ufunguo ukae kwa mtu mzima mwenye busara. Wenye kudai nao wawe na subira, kwa maana deni lililipwa mwaka ujao ni afadhali kuliko kaburi mwaka huu.

La tano, tuwape kazi. Kijana anayetoka hospitali asirudishwe nyumbani akae kwenye kiti kama mgeni. Apewe tuta moja la kupalilia, au ng'ombe wa kuchunga pamoja na mwenzake, au kazi ya kupanga viti vya kanisa, kwa kadiri ya nguvu zake. Aimbe kwaya. Aalikwe harusini. Hakuna usharika ulio maskini hata usiweze kufanya haya, kwa maana hayahitaji jengo wala fedha za ng'ambo.

Bodelschwingh hakuanza na mji. Alianza na watoto wa wafagiaji katika Paris, na mke mgonjwa nyumbani mwake. Kila msomaji wa gazeti hili anajua mlango mmoja kijijini mwake ambao umefungwa mchana. Jumapili ijayo, kabla ya ibada, wazee wawili waende wakabishe hodi katika mlango huo, wakae, wasiwe na haraka. Na kwa ruhusa ya wazazi na ya kijana mwenyewe, jina lake litajwe katika maombi pamoja na wagonjwa wengine. Bwana Yesu, aliyemwuliza mtu wa makaburini jina lake na kumketisha akiwa amevaa nguo na mwenye akili zake, atubariki katika kazi hii.